Luteti-177: Dawa Inayopungua Tangu Inapotengenezwa

Mgonjwa wa saratani ya tezi dume iliyosambaa anapopangiwa tiba ya luteti-177, hupewa siku na saa zisizosogezwa kwa urahisi. Wengi hudhani huo ni ukali wa hospitali. Sababu imo katika dawa yenyewe.

Luteti-177 haiwekwi ghalani. Hutengenezwa katika vinu vya nyuklia vichache, kama vile vya Petten nchini Uholanzi, Mol nchini Ubelgiji na Pelindaba nchini Afrika Kusini, kisha husafirishwa kwa ndege. Njia ya kwanza ni kuipiga luteti-176 kwa nutroni. Ni njia nyepesi, lakini huzaa pia kiasi kidogo cha luteti-177m, ambayo nusu-uhai wake ni takriban siku 160; taka zake hulazimu uangalizi wa muda mrefu. Njia ya pili huanzia kwenye iterbi-176. Ikimeza nutroni huwa iterbi-177, nayo baada ya saa chache hugeuka yenyewe kuwa luteti-177. Ugumu uko katika kuitenga luteti hiyo kidogo na iterbi nyingi, kwani metali hizi ni majirani katika jedwali la elementi na tabia zao za kikemia hufanana mno. Gharama ni kubwa, ila kwa hospitali yenye nafasi finyu ya kuhifadhi taka za mionzi, njia hii ndiyo yenye maana.

Luteti hufungwa kwenye molekuli inayonasa protini ya PSMA, iliyo tele juu ya seli za saratani hiyo. Mionzi yake ya beta hupenya tishu kwa milimita 2 tu hivi, hivyo viungo vya jirani huepushwa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo tezi za mate nazo huinasa dawa, na kinywa huweza kukauka. Miale ya gama itokayo pamoja na beta humwezesha daktari kupiga picha na kuona dawa ilikofika.

Nusu-uhai wa luteti-177 ni siku 6.65. Mgonjwa akichelewa siku 2, karibu moja ya tano ya nguvu ya dozi yake imekwisha kupotea, na hakuna jokofu liwezalo kuizuia. Kwa hiyo vipimo vya damu na vya figo, nauli na malazi vishughulikiwe kabla dozi haijaagizwa. Mgonjwa mwenye homa au kizuizi chochote cha safari aitaarifu hospitali mapema, bila kungoja siku ya miadi.