Mafunzo Niliyopata Kando ya Mashine ya Moyo na Mapafu

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi kusini mwa Ujerumani, katika hospitali inayopokea majeruhi wa ajali za barabara kuu. Wengine huletwa mapafu yamepondeka kiasi kwamba hata mashine ya kupumulia haiwatoshi. Hao ndio tunaowaunganisha na ECMO, mashine inayofanya kazi ya mapafu, na ikibidi ya moyo, nje ya mwili. Ndugu zangu wa Tanga huniuliza kama kweli inafufua watu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mashine haiponyi

Inampa mgonjwa muda tu. Damu hutolewa kwenye mshipa mkubwa wa paja kwa mrija mnene, pampu huisukuma lita 4 hadi 5 kwa dakika, kisha hupita kwenye pafu bandia lililosheheni nyuzi laini zenye tundu. Oksijeni hupita ndani ya nyuzi, damu nje yake. Damu huingia nyeusi, hutoka nyekundu, nami sijazoea kuiona hadi leo. Yakiwa yameumia mapafu peke yake, damu hurudishwa kwenye mshipa ulio karibu na moyo. Moyo nao ukishindwa, hurudishwa kwenye ateri. Hapo ndipo tunapoweza kupunguza nguvu ya mashine ya kupumulia, kwa sababu pafu lililopondeka likilazimishwa kutanuka huzidi kuumia. Kinachobaki ni kungoja mwili ujitengeneze.

2. Majeruhi ndiye aliyefungua njia

Mtu mzima wa kwanza kuokolewa kwa njia hii alikuwa kijana wa miaka 24 huko California, aliyeumia vibaya ajalini mwaka 1971. Timu ya Dkt. Donald Hill ilimweka kwenye mashine kwa saa 75, akapona. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliofuata, wenye wagonjwa 90, ulionyesha kwamba waliopona ni kama mmoja kati ya kumi, wawe wamewekwa kwenye mashine au la. Watu wazima wakaachwa kwa miaka mingi, huku daktari Robert Bartlett akiendelea kuokoa watoto wachanga kwa mashine hiyo. Mwaka 2009 utafiti wa Uingereza ukabadili hali: kati ya waliopelekwa kituo cha ECMO cha Leicester, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi 6, dhidi ya asilimia 47 waliotibiwa kwa njia ya kawaida.

3. Hofu ya kuvuja damu ina dawa yake

Hofu hii ndiyo iliyowatenga majeruhi na ECMO kwa muda mrefu. Damu ikigusa plastiki huganda, kwa hiyo mgonjwa hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Lakini utampaje heparini mtu mwenye ini lililopasuka au damu kichwani? Siku hizi mirija hupakwa dawa kwa ndani na damu huendeshwa kwa kasi, hivyo heparini inaweza kuahirishwa kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Madaktari wa Regensburg, hapa Ujerumani, walitoa taarifa mwaka 2010 kuhusu majeruhi 10 waliotibiwa hivyo wakiwa katika hali mbaya mno, 6 walipona. Kwetu wauguzi, maana yake ni kulimulika pafu bandia kwa tochi kila mara, tukitafuta madoa meusi ya damu iliyoganda.

4. Kuna wa kukataliwa

Ubongo ukiwa umeharibika kabisa, mashine hurefusha msiba tu. Familia iambiwe hivyo tangu mwanzo, kwa maneno mepesi, na daktari akiwa ameketi.

5. Mashine bila watu ni chuma

Kando ya kila kitanda tunaning'iniza vibanio vya mirija, na mkono wa kuzungushia pampu uko tayari iwapo mota itasimama. Kumgeuza mgonjwa mmoja huhitaji watu kadhaa, na mmoja wao kazi yake ni kushika mirija, basi. Mrija ukichomoka, damu humwagika kwa kasi ileile ya pampu. Hospitali inayonunua mashine kabla ya kufundisha timu inawahatarisha wagonjwa wake.

6. Nyumbani tuanze na damu

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutumia mashine ya moyo na mapafu kwenye upasuaji wa moyo, kwa hiyo ujuzi wa msingi tunao. Lakini majeruhi wa bodaboda mwenye kifua kilichopondeka anahitaji kwanza oksijeni, mrija wa kutoa damu kifuani na chupa za damu. Asipovipata katika saa za mwanzo, hafiki kwenye ECMO. Nawaomba wasomaji wenye afya njema: nendeni kituo cha Damu Salama kilicho karibu. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.