Ipe Printa Fremu Yake

Umeme umekatika Kariakoo, umerudi, na kwenye stesheneri yako Mtaa wa Aggrey kompyuta zote zimewaka. Mteja anataka nakala tatu za CV. Unaprinti: kimya. Karatasi zipo, wino upo, waya haujachomoka. Huenda kilichobadilika ni anwani.

Ruta hukodisha anwani za IP kwa kila kifaa kinachojiunga, kwa utaratibu uitwao DHCP. Ikizimika na kuwaka, printa inaweza kupewa namba nyingine huku kompyuta zikipeleka kazi kwenye ile ya zamani, kama kuli anayeshusha mzigo kwenye fremu ambayo mwenyewe kashahama. Dawa ni kuipa printa, au seva ya printa (kile kisanduku kinachoiunganisha na mtandao), anwani ya kudumu.

1. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig. Namba iliyo mbele ya Default Gateway, tuseme 192.168.1.1, ndiyo ya ruta. Nakili pia Subnet Mask. Mara nyingi ni 255.255.255.0.

2. Andika namba ya ruta kwenye kivinjari, ingia, utafute DHCP. Kama inagawa kuanzia .100 hadi .199, wewe chagua nje ya hapo: 192.168.1.50.

3. Washa vifaa vyote, hata kamera za ulinzi, kisha andika ping 192.168.1.50. Ikijibu, ina mwenyewe, chagua nyingine.

4. Kwenye menyu ya printa ingia Network, kisha TCP/IP. Ondoa Auto, weka Manual, jaza anwani, Subnet Mask na Gateway. Kisanduku kisicho na kioo kinapangwa kwa kivinjari: fungua anwani kiliyo nayo sasa, utaiona kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta.

5. Kwenye kila kompyuta ongeza printa kwa njia ya Standard TCP/IP Port, ukiandika namba mpya. Ile ya zamani ifute, wasaidizi wasichanganyikiwe.

6. Usingoje TANESCO wakufanyie majaribio. Zima ruta na printa, ziwashe, uprinti ukurasa mmoja.

Ukurasa ukitoka, bandika namba ya printa ubavuni mwake. Siku ukibadili ruta, ikatoka ya 192.168.1.1 ikaja ya 192.168.8.1, printa itakuwa imebaki mtaa wa zamani: rudi hatua ya kwanza.