Kufundisha Vijibomba vya Seli: Mfano wa Nguzo na Mipaka Yake

Mwalimu wa elimu ya viumbe katika ukanda wa Kilambo, karibu na mlango wa mto Ruvuma, aweza kulianza somo la seli kwa mfano wa nyumba. Atawaambia wanafunzi kwamba ndani ya seli mna vijibomba vyembamba mno, viitwavyo maikrotubuli, navyo huishikilia seli kama nguzo na fito zinavyoishikilia nyumba ya udongo. Mfano huu wafaa kwa kuanzia, lakini ukiachwa hapo hupotosha. Nguzo ikishachimbiwa hukaa miaka. Kijibomba cha seli chaweza kujengwa na kubomoka katika dakika chache. Mwanafunzi aliyebaki na picha ya nguzo hawezi kueleza seli inavyogawanyika, wala kidonge cha minyoo anachopewa shuleni kinavyofanya kazi. Madhumuni ya makala haya ni kupendekeza njia ya kuuvuka mfano huo.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Kijibomba hujengwa kwa protini iitwayo tubulini. Kila tofali lake ni jozi ya tubulini mbili, alfa na beta. Matofali hayo hupangana katika safu, kwa kawaida 13, zikafanya bomba lenye upana wa nanomita 25 hivi. Kila jozi inapojiunga huwa imebeba kemikali iitwayo GTP. Baada ya muda mfupi kemikali hiyo hugeuka kuwa GDP, na mshikamano wa jozi hulegea. Maadamu nchani mna jozi zenye GTP, bomba husimama na kurefuka. Ncha ikizikosa, bomba huporomoka. Tabia hii ilielezwa mwaka 1984 na Tim Mitchison na Marc Kirschner, waliokuwa wakifanya kazi Marekani.

Hata hivyo, seli haiuachi ujenzi huu ujiendee ovyo. Zipo protini zinazousimamia, nasi twashauri zifundishwe kwa kazi zake, si kwa orodha ya majina ya kukariri.

Kwanza ni waanzishaji. Gama-tubulini hushiriki kufanya pete ambayo juu yake kijibomba huanza kuota. Hivyo seli hupanga mahali pa kujenga.

Pili ni waimarishaji. Protini iitwayo tau, iliyotambuliwa mwaka 1975, hushikamana na vijibomba vya seli za neva na kuviimarisha.

Tatu ni wazuiaji. Stathmini huzikamata jozi za tubulini zisipate kujiunga.

Nne ni wabomoaji na wakataji. Baadhi ya protini za jamii ya kinesini hung'oa jozi nchani, na katanini hukikata kijibomba katikati. Katanini ilitengwa na Frank McNally na Ronald Vale mwaka 1993, kutoka katika mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, wa jamii ya wale wanaowachoma miguu watu wa pwani maji yakupwapo. Jina lake latokana na neno la Kijapani lenye maana ya upanga.

Tano ni wafungaji. Protini kama PRC1 huviunganisha vijibomba vikalala sambamba wakati seli inapogawanyika.

Mchezo wa safu

Vifaa ni uwanja wa mchanga na vitambaa vyekundu na vya buluu. Wanafunzi 20 hivi wawe tubulini, kila mmoja na kitambaa chekundu mkononi, ambacho ni GTP. Mwanzishaji asimame penye duara lililochorwa mchangani. Mwalimu akipiga kofi, mwanafunzi mmoja ajiunge nyuma ya safu, na aliyemtangulia afiche kitambaa chake. Kofi likipigwa pasiwe na wa kujiunga, wa mwisho naye afiche kitambaa. Hapo safu ianze kubomoka, mmoja mmoja, kutoka mwisho. Wanaotoka huonyesha vitambaa vyao upya na kungoja zamu.

Baada ya hapo waingizwe wasimamizi, mmoja baada ya mwingine. Mwimarishaji awashike mabega wawili walio safuni wasitoke. Mzuiaji awashike mikono wawili walio nje. Mkataji aitenge safu katikati. Kabla ya kila hatua wanafunzi watabiri litakalotokea, kisha walinganishe utabiri wao na waliyoyaona.

Mwisho iingie dawa. Nusu ya tubulini wafungwe kitambaa cha buluu mkononi: hao ni wa mnyoo, waliobaki ni wa binadamu. Kila kundi lijenge safu yake. Mwanafunzi aliye albendazoli awashike wenye buluu, wengine awapite. Ndivyo ilivyo hasa: dawa hiyo huishika beta-tubulini ya mnyoo kwa nguvu zaidi kuliko ya binadamu. Seli za mnyoo hupoteza vijibomba, hushindwa kufyonza sukari, na mnyoo hudhoofika hata kufa. Dawa hiyo hiyo imetumika pamoja na ivermektini katika kampeni za kupambana na matende na mabusha, maradhi ambayo watu wa Mtwara wanayajua vyema. Mtoto awezaye kueleza nyumbani kwa nini kipimo kilichowekwa humwua mnyoo na kumwacha yeye salama amepata elimu yenye manufaa kwa jamaa yake.

Kupima maendeleo

Tunapendekeza maswali matatu. Stathmini ikizidi katika seli, vijibomba vitaongezeka au vitapungua? Kwa nini safu iliyokatwa katikati huelekea kubomoka? Ni wapi mfano wa nyumba unaposhindwa?

Swali la tatu ndilo kiini cha somo. Mwalimu aliulize pia kuhusu mchezo wenyewe, maana nao una mpaka: wanafunzi huona na kuamua, lakini tubulini haina macho wala nia, jozi hugongana na kushikana katika msukosuko wa majimaji ya seli. Mwanafunzi akiweza kusema mfano umesaidia wapi na umekosea wapi, hapo ndipo tujue kwamba ameelewa.