Dondoo muhimu: Mwandae mtoto wa darasa la saba, Mloka

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), hufanyika kila Septemba. Wazazi na walimu, tuanze mapema.

• Zungumzeni baada ya jaribio. Karatasi ikirudi, usianze na alama. Muulize: Swali lipi umelimudu? Lipi limekushinda? Hukulielewa, hukujua kanuni, au umekosea kuhesabu?

• Awe na daftari la makosa. Aliyejibu 1/2 + 1/3 = 2/5 aandike kosa lake: "Nilijumlisha namba za chini bila kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS)." Kisha arudie: 3/6 + 2/6 = 5/6.

• Azoee fomu ya majibu. Ajizoeze kuweka kivuli kwa penseli kwenye herufi sahihi. Akiruka swali, ahakikishe jibu linalofuata haliingii kwenye mstari usio wake.

• Sifa iwe na sababu. "Umelirudia swali mpaka limetoka" humjenga kuliko "una akili". Usimlinganishe na mtoto wa jirani.

• Masomo ya ziada yaishe mapema. Tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tembo hufika kijijini. Watoto warudi kwa kundi, kabla ya giza. Nyumbani, mpunguzie kazi apate saa moja ya kusoma.

• Usiku wa kuamkia mtihani, asikeshe. Andaeni penseli, kifutio na kichongeo, ale, alale. Mwambie wazi kuwa matokeo yoyote hayatapunguza upendo wako.