Umeme wa Usiku Hauna Punguzo: Hesabu ya Maji ya Moto Nangwa

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tukitoka kwenye mazoezi ya kufundisha tunarudi na hadithi za wanafunzi watundu. Mimi nimerudi na hadithi ya luku. Naiandika kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kwa sababu wengi tunaoishi geto tunaweza kulirudia.

Nilipangiwa Nangwa, wilaya ya Hanang, Manyara. Aliyewahi kukaa chini ya Mlima Hanang mwezi wa Julai anajua ile baridi haina utani. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba vitano, luku moja, kila chumba kinachanga sawa. Maji ya kuoga watu walikuwa wanachemsha kwa mkaa au kuni. Taa, simu, redio na televisheni moja vilikuwa vinakula kama uniti 45 kwa mwezi, na hakuna aliyelalamika.

Nikaja mimi, msomi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wapangaji wa Ulaya wanachemsha maji usiku kwa sababu umeme wa usiku ni nafuu. Jioni moja nikawaambia wenzangu uani, kwa kujiamini kabisa: nunueni hita za ndoo, chemsheni saa tano usiku, mtaokoa hela ya mkaa. Watu wakanisikiliza. Si mwalimu kasema?

Kufika tarehe 17 uniti zilikuwa zimeisha. Tukachanga 5,000 tukijua tutapata uniti 40 na ushee kama kawaida. Zikaja uniti 11 na pointi. Kila mtu akaanza kumtazama mwenzake, na macho yakaishia kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga, kwa vile yeye ndiye aliyeonekana akichemsha maji mara nyingi. Akaambiwa mwezi ujao achangie mara mbili. Hakujibu kitu. Aliingia ndani, na kesho yake nikamwona amerudi kwenye kuni, mtoto mgongoni, moshi usoni.

Usiku ule nilikaa na daftari. Haya ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla sijafungua mdomo.

Kwa nini kwingine usiku ni nafuu

Umeme mwingi hautunzwi ghalani kama mahindi. Unazalishwa kwa kiasi kinachotumika wakati huohuo. Watu wakirudi nyumbani jioni, wakawasha taa, televisheni na majiko kwa pamoja, mitambo inaelemewa. Usiku wa manane wamelala, na mitambo mingine haina kazi. Ndiyo maana baadhi ya nchi huweka bei mbili: ghali saa za msongamano, nafuu saa za utulivu.

Uingereza walianza mpango wa Economy 7 mwaka 1978: saa saba za usiku kwa bei ya chini. Mpangaji wa kule ana mita maalumu inayotofautisha saa, na tangi la maji lililofunikwa vizuri lisipoteze joto mpaka asubuhi. Jirani zetu Kenya walianza punguzo la usiku Desemba 2017, saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, lakini lilianza kwa viwanda na wafanyabiashara wakubwa, si kwa mpangaji wa chumba kimoja. Uganda nako wateja wa biashara na viwanda hulipa bei tofauti kwa saa tofauti.

Sasa sisi. Kwa bei za TANESCO zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani yuko kundi la D1. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Ongeza kodi ya VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1: ile ya 100 inakuwa 122, na ile ya 350 inakuwa 427. Hakuna popote palipoandikwa saa. Uniti ya saa 8 mchana na uniti ya saa 8 usiku ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa maneno mengine, kwetu hakuna saa za nafuu. Kuna uniti za nafuu, nazo ni 75. Mita ya mwenzetu wa London inatazama saa ya ukutani. Luku yetu inatazama kalenda. Nilichukua ushauri wa mita moja nikaupeleka kwenye mita nyingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ndoo moja inakula uniti ngapi

Hii ni fizikia ya sekondari. Lita moja ya maji inahitaji takriban kilojuli 4.2 ili joto lipande nyuzi moja. Niliazima kipimajoto cha maabara: maji ya asubuhi yalikuwa nyuzi 15. Maji mazuri ya kuoga ni kama nyuzi 40. Tofauti ni 25.

Ndoo ya lita 20: 20 × 4.2 × 25 = kilojuli 2,100.
Uniti moja ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo ndoo moja ni uniti 0.58.
Kwa siku 30: uniti 17.5.
Vyumba vitano, ndoo moja kila kimoja: uniti 87.5.

Jumlisha zile 45 za zamani: 132.5. Tumeivuka 75 kwa uniti 57.5. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 9,150. Za ziada, 57.5 × 427, ni kama 24,550. Jumla inakaribia 33,700, wakati zamani tulikuwa tunatumia kama 5,490. Yule mama hakuwa na kosa. Hata asingechemsha tone, vyumba vinne vingefikisha nyumba uniti 115. Aliyeivusha mstari ni mimi na ushauri wangu.

Halafu kuna jambo la pili: nyumba ya D1 ikizidi mara kwa mara inaweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi tangu ile ya kwanza.

Je, kutunza maji kwenye chupa kunaokoa?

Hili nililifikiria sana. Chukua chupa mbili za chai za lita 3, jaza maji ya nyuzi 90, asubuhi changanya na lita 12 za maji ya nyuzi 15. Hesabu: (6 × 90) + (12 × 15) = 720; gawa kwa 18, unapata nyuzi 40. Maji safi kabisa ya kuoga. Lakini kuchemsha zile lita 6 ni 6 × 4.2 × 75 = kilojuli 1,890, na kupasha lita 18 kwa nyuzi 25 ni kilojuli 1,890 vilevile. Chupa inahamisha muda tu. Kwenye bei ya saa, kuhamisha muda ni hela. Kwenye luku yetu ni sifuri.

Hata hivyo, kukwepa saa 1 hadi saa 4 usiku kuna faida nyingine. Tuseme nyumba iko mbali na transfoma, na umeme umeshuka kutoka volti 230 hadi 184. Hiyo ni 0.8 ya kawaida, na nguvu ya hita hushuka kwa kipeo cha pili: 0.64. Hita ya wati 1,500 inakuwa ya wati 960. Ndoo iliyokuwa inachukua dakika 23 inachukua 36, na muda wote huo ikiwa wazi inapoteza joto. Basi funika ndoo, na chemsha kabla ya jua kuzama.

Tulichofanya

Nilimwamkia mama mwenye nyumba, nikaomba watu wakutane. Nikawaonyesha daftari, nikasema kosa ni langu. Mzee mmoja akacheka: "Mwalimu, kumbe hata wewe unasahihishwa." Tukakubaliana mambo mawili.

La kwanza, kuoga kwa kopo, lita 8 zinatosha. La pili, dumu jeusi linakaa juani tangu asubuhi. Hanang ina baridi lakini jua lipo; saa 9 alasiri nilipima maji ya dumu nikakuta nyuzi 27. Kutoka 27 hadi 40 ni nyuzi 13 tu. 8 × 4.2 × 13 ni kama kilojuli 437, yaani uniti 0.12. Kwa mwezi ni uniti 3.6 kwa chumba, 18 kwa vyumba vitano. Ongeza 45: uniti 63.

Zinabaki 12 kabla ya kugusa mstari. Tulikubaliana hizo ni za mtoto. Ni uniti 0.4 kwa siku, zinazotosha kupasha lita 26 za maji ya dumu. Yule mama alilipa mchango sawa na wengine. Nilimwomba radhi pia peke yake, maana lawama alipewa mbele ya watu.

Usalama, tafadhali

Hita ya ndoo si ya kuwasha ukalala. Maji yakipungua ndoo ya plastiki inayeyuka. Usiingize kidole kupima joto kabla hujachomoa plagi. Weka mbali na watoto. Na hita tano za wati 1,500 zikiwashwa pamoja zinavuta zaidi ya ampea 32. Waya mwembamba wa ekstensheni hauwezi mzigo huo. Pokezaneni.

Kwa walimu watarajiwa

Nilipeleka risiti ya luku darasani. Wanafunzi waliokuwa wanasinzia kwenye joto mahususi waliamka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ugomvi wa luku nyumbani kwao. Jaribu maswali haya, hata wewe unayesoma hapa hosteli:

1. Nyumba yenu ina vyumba vingapi kwenye luku moja, na mmebakiza uniti ngapi kufika 75?
2. Ukipunguza maji ya kuoga kutoka lita 20 hadi 10, mwezi mzima unaokoa uniti ngapi?
3. Taasisi kubwa inayolipia pia kilele cha matumizi yake kwa kVA, je, nayo haina faida kuhamisha saa za kupasha maji? Eleza kwa nini jibu lake ni tofauti na la geto lako.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda. Ushauri uleule unaweza kuwa sahihi kwa chuo na kosa kwa mpangaji. Kabla ya kumwambia mtu afanye nini na hela yake, soma kwanza mita yake.