HOMA ISIYOSIKIA DAWA

Mwanafunzi mwenzangu, mtoto akishikwa na homa usiku hapa Amu, neno la kwanza kututoka mdomoni ni "malaria". La pili ni "hebu tazama kabatini, zile kapsuli za babake hazikubaki?" Makala hii yahusu maneno hayo mawili, na yale yanayoweza kutokea baadaye mtoto akishalazwa wodini.

Tuanze na damu yenyewe. Bakteria wamejaa tumboni, kooni na juu ya ngozi, na huko aghalabu hawatudhuru. Taabu huanza wakipenya mshipani na kuzaana humo. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akipata joto na chakula cha kumtosha, huweza kugawanyika mara moja kila dakika 20. Piga hesabu: baada ya saa 10 amegawanyika mara 30, na yule mmoja amekuwa zaidi ya bilioni moja. Ndani ya mwili kinga humpunguza kasi, lakini kinga ikishindwa, presha hushuka, figo hukosa damu, na mgonjwa aweza kufariki katika siku moja au mbili.

Je, mambo haya yapo kwetu pwani? Yapo, tena yamepimwa. Katika hospitali ya Kilifi, kusini ya Malindi, wapo watafiti wa KEMRI wanaoshirikiana na shirika la Wellcome la Uingereza. Kati ya mwaka 1998 na 2002 waliotesha damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa, yaani damu ilitiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria ili ionekane kama kuna kitakachomea. Walichokiona kiliwashtua wengi. Katika kila vifo 100 vya watoto hospitalini hapo, 26 vilikuwa vya watoto walioingia tayari wana bakteria katika damu. Malaria, tunayoitaja kila mara, ilikuwa na 22. Basi si kila homa ni malaria.

Hao walitoka na ugonjwa nyumbani. Lakini kuna wanaoupata ndani ya hospitali, na hapo ndipo penye uzito. Watafiti hao hao waliwafuatilia watoto zaidi ya 33,000 waliolazwa Kilifi kati ya 2002 na 2009. Katika kila watoto 1,000, karibu 6 waliingiwa na bakteria katika damu baada ya kulazwa. Ni wachache, utasema. Lakini zaidi ya nusu yao walikufa, 53 katika kila 100. Kwa waliokuja nao kutoka nyumbani walikufa 24, na kwa wasiokuwa na bakteria katika damu walikufa 6 tu. Bakteria aliyeonekana zaidi aliitwa Klebsiella, naye ni hodari wa kuzishinda dawa.

Kuzishinda vipi? Kamusi zatupa neno "viuavijasumu", refu kiasi cha kukwaruza ulimi. Dukani sote twasema "kapsuli" au "rangi mbili". Penisilini na jamaa zake humzuia bakteria kujenga ukuta wake, naye hupasuka. Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafika ukutani. Klebsiella wengine hukata hata seftriaksoni, sindano ambayo madaktari huitegemea mgonjwa akizidiwa. Tena ujuzi huo umeandikwa katika kipande kidogo cha urithi chenye umbo la duara, na bakteria mmoja huweza kumpa mwenziwe, hata wa aina nyingine, mfano wa wanafunzi wanaopeana majibu chini ya dawati (walimu mtanisamehe).

Wavuvi wa Kizingitini watalielewa hili upesi. Ukitega jarife la matundu mapana kila siku, wakubwa watanaswa na wadogo watapita. Mwishowe baharini watabaki na kuzaana wale wanaoweza kupita. Dawa nayo ni jarife. Kila inapotumika huwaua wanyonge na kuwaachia nafasi sugu. Ikimezwa pasipo haja, kama vile kwa mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayasikii kapsuli hata kidogo, tumetega jarife bure. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alilionya hili alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945: dawa kidogo isiyotosha huwafunza bakteria kuistahimili.

Simlaumu mama aliye Faza au Kizingitini. Kutoka huko hadi Hospitali ya King Fahd hapa Amu ni safari ya chombo, na usiku na pepo zina shauri lake. Ila kapsuli mbili za kabatini zina hasara nyingine isiyojulikana sana. Zaweza kuwafifisha bakteria kiasi kwamba damu ikioteshwa hakimei kitu, na daktari akabaki anapapasa gizani asijue amchagulie mgonjwa dawa ipi. Kwa hivyo mtoto akishamezeshwa kitu, aambiwe daktari ni nini na saa ngapi. Kuficha kwa kuona haya ndiko kubaya zaidi.

Tena lawama si ya nyumbani peke yake. Hospitalini dawa kali hutumika kwa wingi, na Klebsiella husafiri kwa mikono: ya muuguzi, ya daktari, na yetu sisi tunaozuru wagonjwa makundi kwa makundi. Kuzuru ni jambo jema, lakini tukaketi kitandani, tukaugusa mpira wa dripu, kisha tukamshika mtoto wa kitanda cha pili? Sabuni na maji hapo vina kazi kuliko sindano.

Chanjo nayo imesaidia. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2001, na dhidi ya nyumokokasi mwaka 2011, na kule Kilifi magonjwa ya bakteria hao wawili yakapungua sana. Klebsiella bado hana chanjo.