Kuchagua Samaki wa Kutia Bwawani

Mtu aliyekwisha kuchimba bwawa na kulijaza maji amemaliza kazi ya mikono. Sasa yampasa kufanya kazi ya akili, nayo ni kuchagua samaki. Hapa ndipo wengi wakoseapo. Huenda kwa jirani na debe, wakapewa samaki wadogo kwa bei ndogo, wakawamimina majini na kungoja. Mwaka ukiisha huvua na kukuta mamia ya samaki, wote urefu wa kidole, wasiofaa kikaangoni wala sokoni. Gharama ya kuchimba imepotea, na mwenye bwawa husema kuwa ufugaji wa samaki ni udanganyifu.

Sababu yake ni tabia ya perege, ambaye watu wa Nyanza humwita ngege. Perege ni samaki mwema: nyama yake ni tamu, hula vijimea vya majini na pumba, wala haugui upesi. Lakini aweza kuanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na jike wa perege wa Nili huyaatamia mayai kinywani mwake, hata watoto wengi husalimika. Bwawa hujaa, chakula hakitoshi, na wote hudumaa. Tena wale uliopewa na jirani huenda si vifaranga hata kidogo, bali ni wazee waliodumaa! Ukimwona jike mdogo kama kidole naye ana mayai kinywani, usichukue samaki wa bwawa lile.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kufuga madume tu, kwa kuwa dume hukua upesi kuliko jike. Mtu mwenye macho makali aweza kuwatenga samaki wafikapo gramu 30 hivi, akitazama matundu yaliyo chini ya tumbo: dume ana mawili, jike ana matatu. Kazi hii yachosha, na jike mmoja akipenya, mambo huharibika. Kwa hiyo ni afadhali kununua madume matupu katika kituo cha vifaranga kinachoaminika.

Dawa ya pili ni kambare, ambaye huwala watoto wa perege. Kambare mmoja kwa perege kumi hivi yatosha. Angalia sana awe mdogo kuliko perege wako siku ya kumtia, la sivyo atakula mtaji wenyewe. Kambare hupumua hewa ya juu, basi hustahimili maji mazito ambayo yangemwua perege. Lakini usiku wa mvua hutambaa nje akaenda zake, kwa hiyo kingo ziwe juu. Kabla ya kumfuga peke yake, uliza kwanza wanunuzi wako. Wasabato, kwa mfano, hawali samaki asiye na magamba, nao ni wengi katika nchi ya Kisii.

Haya yote ni kwa nchi yenye joto. Perege hupenda maji ya digrii 25 hadi 30 za Sentigredi. Yakiwa chini ya 20 hukua polepole mno. Mtu aishiye juu karibu na msitu wa Aberdare au Mlima Kenya asijidanganye. Huko yafaa trauti, samaki wa maji baridi, ambaye aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura. Lakini trauti hataki bwawa lililotuama: ataka maji safi yanayopita mchana na usiku, na chakula chenye nyama nyingi, ambacho ni ghali. Asiye na kijito cha namna hiyo asimguse.

Kwa perege, vifaranga wawili au watatu kwa kila mita ya mraba watosha. Bwawa la mita 300 za mraba, basi, litachukua 600 hadi 900. Kwanza tia samadi mpaka maji yawe ya kijani. Ingiza mkono wima hadi kiwiko: kiganja kikianza kutoweka machoni, maji ni tayari. Vifaranga wakifika, uache mfuko wao uelee bwawani dakika 15 hivi kabla ya kuufungua, ili joto la maji ya ndani na ya nje lilingane.